Meli Ikigeuka Hoteli, Bandari Hubaki na Nini?

Kwenye bandari ya Musoma kuna reli isiyokwenda kokote. Inaanzia majini na kuishia hapo hapo bandarini, wala haiunganiki na njia nyingine yoyote ya treni nchini. Mgeni akiiona hudhani ni mzaha wa wahandisi. Kumbe ilikuwa na kazi yake. MV Umoja, meli ya mabehewa iliyoingia Ziwa Victoria katikati ya miaka ya 1960, ilifika na mabehewa tumboni, yakasukumwa nje kwa reli hiyo, yakashushwa mzigo, yakapakiwa mwingine, kisha yakarudishwa melini kuelekea Mwanza au Kisumu, ambako reli za kweli zilikuwa zikisubiri.

Sisi wa upande wa Nyamongo wilayani Tarime, yaani Kewanja, Nyangoto, Kerende, Matongo na majirani zetu, tumezoea kuona habari za meli kuwa za watu wa Musoma na Mwanza. Zetu ni za ng'ombe, mahindi na dhahabu. Lakini Mto Mara unaopita chini ya vilima vyetu ukitoka Serengeti unakwenda kumwaga maji yake katika ziwa hilo hilo, baada ya kupita daraja la Kirumi. Maji hayo hutoka Jinja yakiitwa Nile, na siku moja hupita Luxor, Misri, ambako Mwingereza Thomas Cook alipeleka kundi lake la kwanza la watalii mwaka 1869. Kwa hiyo habari ya meli za watalii si ngeni kiasi hicho hapa kwetu.

Tena kuna jambo ambalo mtu wa Kewanja analielewa kuliko wengi. Kijiji kinachopakana na mgodi mkubwa hujifunza mapema kuuliza swali moja kila kitu kikubwa kinapokuja kutoka mbali: kikiondoka, hapa kinabaki nini? Swali hilo ndilo nitakalotembea nalo katika historia ya meli hizi, kwa sababu waandishi wengi wa habari za utalii hulipita kimya wakikimbilia urefu wa meli na idadi ya mabwawa yake ya kuogelea.

Mwanzoni hakukuwa na meli za watalii. Kulikuwa na meli za posta zenye vyumba vitupu. Kampuni ya Kiingereza ya P&O, iliyoishi kwa mikataba ya kubeba barua za serikali, ilitangaza mwaka 1844 safari za matembezi kutoka Southampton kwenda Gibraltar, Malta na Athens. Ili kujitangaza, ilimpa mwandishi William Thackeray tiketi ya bure, naye akaandika kitabu. Watu wa masoko wa leo wanaolipia wasanii vyumba vya hoteli ili wapige picha wasijione wamegundua jambo jipya.

Aliyeifanya biashara hiyo isimame kwa miguu yake ni Mjerumani, Albert Ballin wa kampuni ya HAPAG ya Hamburg. Meli zake zilijaa wahamiaji wa kwenda Marekani majira ya joto, lakini baridi ilipoingia Atlantiki ikachafuka na abiria wakapotea. Meli iliyofungwa gatini hula fedha kila siku. Januari 1891 Ballin akaichukua Augusta Victoria, akapakia abiria 241 wenye uwezo, akawapeleka kuzunguka Bahari ya Mediterania kwa takriban miezi miwili. Wenzake walimwona kama amechanganyikiwa. Safari ilifanikiwa, na mwaka 1900 kampuni yake ikazindua Prinzessin Victoria Luise, meli ya kwanza kuundwa mahususi kwa matembezi, haina shehena wala daraja la tatu. Desemba 1906 iligonga mwamba Jamaika. Abiria wote waliokolewa. Nahodha alikwenda chumbani kwake akajipiga risasi.

Miaka hiyo hiyo meli zilikuwa zikifika kwetu kwa njia ya ajabu kuliko hizo zote: vipande vipande. Ziwa Victoria halina mlango wa baharini ambao meli kubwa inaweza kupita. Kila chombo kikubwa kilichoelea juu yake kiliundwa kwingine, kikafunguliwa, kikaletwa mabegani, kwa mikokoteni au kwa treni, kisha kikaunganishwa upya ufukweni. Ya kwanza ya aina hiyo kwa upande wa Waingereza, William Mackinnon, iliundwa Scotland mwaka 1890 lakini ikaingia majini Kisumu mwaka 1900, kabla hata reli kutoka Mombasa haijafika. Zikafuata Winifred, Sybil na Clement Hill. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyombeba Winston Churchill, wakati huo naibu waziri wa makoloni, alipovuka kutoka Kisumu kwenda Entebbe mwaka 1907.

Mkoa wetu wa Mara nao umo katika kumbukumbu za meli hizo. Novemba 1914, vita vikiwa vimeanza, Sybil iligonga mwamba karibu na Majita, kusini mwa Musoma, ikaachwa ufukweni ndani ya himaya ya Wajerumani. Mwaka uliofuata Waingereza walirudi wakaikwamua, wakaifanyia matengenezo, ikaendelea na kazi.

Lakini meli ninayopenda kuisimulia kuliko zote haikuwahi kugusa Ziwa Victoria. Mwaka 1913, katika karakana ya Meyer Werft mjini Papenburg, Ujerumani, mafundi waliunda Graf von Götzen, meli yenye urefu wa mita 71 hivi. Walipomaliza kuiunganisha wakaifungua yote, wakapanga vipande ndani ya makasha yapatayo 5,000, yakasafirishwa hadi Dar es Salaam na kupandishwa treni ya reli ya kati kwenda Kigoma. Mafundi watatu wa karakana hiyo walitumwa kuja kuiunganisha, wakiwa na vibarua wa Kiafrika waliogonga misumari ya chuma mmoja baada ya mwingine chini ya jua la Ziwa Tanganyika. Februari 1915 ikaelea. Julai 1916, adui alipokaribia, Wajerumani wakaamua kuizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Mto Malagarasi. Ila mafundi wale, kabla ya kufungua maji, waliipaka mitambo grisi nzito, kila sehemu, kana kwamba wanamfunga mtoto nguo za baridi. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 walikuta injini nzima. Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, na jina hilo linalo hadi leo.

Karakana ile ya Papenburg nayo ipo hadi leo. Ni miongoni mwa waundaji wakubwa wa meli za watalii duniani. Karakana dada yake ya Turku, Finland, ndiyo iliyounda Icon of the Seas, meli iliyoanza safari Januari 2024 ikiwa kubwa kuliko zote za abiria: ina urefu wa mita 365 hivi, na ikijaa hubeba abiria 7,600 pamoja na wafanyakazi 2,350. Ni watu wengi kuliko wakazi wa vijiji vingi vya Tarime, wote juu ya chuma kimoja. Hata hivyo ukubwa haukuizuia kampuni kutetereka: Septemba 2024 serikali ya Ujerumani ililazimika kuchukua sehemu kubwa ya hisa za Meyer Werft isife. Mkono uliounda Liemba umejifunza mengi tangu wakati ule, ila bado unategemea mkopo kama sisi sote.

Turudi ziwani. Kati ya vita vya kwanza na uhuru, meli za Ziwa Victoria zilifanya jambo ambalo lingeitwa utalii wa meli kama lingefanyika Ulaya. Zilizunguka ziwa lote: Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba, Port Bell, na kurudi Kisumu. Wafanyabiashara, wamisionari, watumishi wa serikali na watalii wachache walilala vyumbani, wakala mezani, wakaamka bandari nyingine. Shirika la Reli na Bandari za Afrika Mashariki lilileta mwaka 1961 meli bora kuliko zote zilizotangulia, Victoria, iliyoundwa Scotland, ikafunguliwa, ikasafirishwa hadi Mombasa na kwa treni mpaka Kisumu. Ilipewa heshima ya kubeba barua za Malkia, ndiyo maana jina lake lilianza na RMS kabla ya kuwa MV.

Nisiipambe kupita kiasi. Madaraja ya meli hizo kwa kiasi kikubwa yalifuata rangi za watu: Mzungu chumbani juu, Mhindi katikati, Mwafrika sitahani na mzigo wake, akiegemea magunia. Ukikuta kitabu cha mkoloni kinachosifu upepo wa jioni melini, ujue kimeandikwa kutoka ghorofa ya juu. Lakini bandari zilipata kitu. Abiria wa daraja la tatu alishuka Musoma na samaki, na ndizi za Bukoba, na habari. Meli ilinunua kuni, baadaye mafuta, iliajiri makuli, iliwafunza vijana kuwa mabaharia na mafundi mitambo. Meli ya kusafiria haiwezi kuishi bila bandari, kwa sababu watu wanataka kufika.

Kilichoigeuza meli kuwa kitu kingine ni ndege. Mwaka 1958 ndege za jeti zilianza kubeba abiria kuvuka Atlantiki, na tangu hapo meli za abiria zikaanza kufa moja moja. Afrika Mashariki haikukawia: mwaka 1960 shirika letu la East African Airways lilikuwa na jeti zake za Comet. Mfereji wa Suez ulipofungwa kwa vita mwaka 1967, na ukakaa hivyo hadi 1975, safari ya London hadi Mombasa kwa maji ikawa ndefu isiyo na maana kwa mtu mwenye haraka.

Angalia yaliyozipata meli zilizokuwa na majina yetu. SS Kenya na SS Uganda, zilizoanza mwaka 1951 na 1952 kati ya London na pwani ya Afrika Mashariki, ziliondolewa njiani mwishoni mwa miaka ya 1960. Kenya ilikwenda kukatwa vyuma mwaka 1969. Uganda ilibahatika: ikageuzwa meli ya matembezi ya wanafunzi wa Uingereza, mabweni yakawekwa mahali pa shehena, na Aprili 1982 ilipokuwa katika matembezi hayo Mediterania ikaitwa ghafla kuwa hospitali ya vita vya visiwa vya Falkland. Kenya Castle ya kampuni ya Union-Castle iliuzwa mwaka 1967 kwa Wagiriki wa Chandris, ikabadilishwa jina kuwa Amerikanis, ikahamia biashara ya matembezi. Meli zilizotuletea maofisa, mafundi, walimu na barua zikawa hoteli za watu wasiojua hata zilikotoka.

Huo ndio mgeuko wenyewe. Mtu hapandi tena meli ili afike. Anapanda ili awe melini. Mwaka 1972 Ted Arison aliianzisha Carnival kwa meli moja iliyotumika, Mardi Gras, na katika safari yake ya kwanza ikakwama mchangani nje ya Miami ikiwa na mamia ya mawakala wa safari waliokuja kuipima. Baa ya meli iliendelea kuuza vinywaji. Kampuni iliyoanza kwa aibu hiyo leo ndiyo kubwa kuliko zote katika biashara hii.

Halafu ukaja mwaka 1977, mwaka ambao sisi tunaukumbuka kwa jambo moja tu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa Februari, mali zikagawanywa, Victoria ikaangukia Tanzania, na safari ya kuzunguka ziwa ikafa. Musoma, iliyokuwa kituo njiani kati ya nchi tatu, ikawa mwisho wa barabara. Mwaka huo huo, upande wa pili wa dunia, televisheni ya Marekani ilianza kuonyesha mchezo wa The Love Boat, uliowafundisha watu wa kipato cha kati kwamba meli si ya mabwanyenye peke yao. Na mwaka huo huo kampuni ya Norwegian ilianza kuwapeleka abiria wake katika Great Stirrup Cay, kisiwa kidogo cha Bahamas kilichotengwa kwa ajili yao tu.

Hicho kisiwa ndicho kiini cha habari. Kampuni ilikuwa imegundua kwamba hata bandari inaweza kuwa yake. Mgeni anashuka, anaogelea, anakula nyama choma ya kampuni, ananunua kinywaji cha kampuni, anarudi melini. Hakuna muuza soko, hakuna dereva wa teksi, hakuna kijiji. Kampuni nyingine zimefuata. Ongeza na usajili wa kampuni zenyewe: Carnival ilisajiliwa Panama, Royal Caribbean Liberia, Norwegian Bermuda, ambako kodi ni nyepesi. Wahudumu wengi hutoka Ufilipino, Indonesia na India. Mwaka 2023 sekta hii ilibeba abiria zaidi ya milioni 31 duniani, na kwa kila mmoja kampuni ilikuwa ikishindana na bandari juu ya nani atauza chakula cha mchana. Melini chakula kimekwisha kulipiwa. Tumbo likishiba huko, Forodhani kule Zanzibar utauza nini?

Pwani yetu imeonja pande zote mbili. Zanzibar hupokea meli hizi. Abiria hushuka Malindi asubuhi, wakatembezwa Mji Mkongwe na mashamba ya viungo, jioni wakaondoka. Mapapasi, yaani vijana wanaowaongoza wageni mitaani, hupata chao, wauza vinyago nao, lakini hoteli hazipati hata shuka moja ya kufua. Ziara nyingi huuzwa melini kabla ya kutia nanga, na meli hukata chake kwanza. Mombasa iliwahi kuwa na bahati zaidi, kwani watalii walitoka hapo kwenda Tsavo, mpaka maharamia walipotia mkono. Novemba 2005 walishambulia Seabourn Spirit nje ya pwani ya Somalia, Aprili 2009 wakaijaribu Melody karibu na Ushelisheli. Hakuna meli iliyotekwa kati ya hizo, ila kampuni zilihamisha njia zao, na miaka kadhaa ikapita Mombasa ikingoja.

Ziwani kwetu msiba ulikuwa wa aina nyingine. Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipinduka ikikaribia Mwanza. Ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 430 na ilibeba zaidi ya hapo sana. Waliokufa wanakadiriwa kuzidi 800. Daraja la tatu halikuwa na orodha ya majina. Baada ya hapo, na baada ya MV Nyerere kuzama karibu na Ukara Septemba 2018, mtu wa Kanda ya Ziwa akisikia neno meli hawazi mabwawa ya kuogelea. Anawaza maboya.

Barabara nazo zimekula chakula cha meli kama jeti zilivyokula cha SS Uganda na SS Kenya. Basi la Musoma kwenda Mwanza ni la saa chache kwa lami, na daraja la Kigongo-Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limevistaafisha vivuko vilivyotuchelewesha pale kwa miongo. Pale Mwigobero, mwalo wa Musoma mjini, maboti ya Kinesi bado yanajaa asubuhi: akina mama na madebe ya dagaa, vijana na baiskeli zilizofungwa juu ya paa, kuku wamefungwa miguu wakilala pembeni mwa spika inayopiga muziki. Hao wanasafiri kwa sababu wanataka kufika. Watalii hawapo.

Je, wanaweza kurudi? Serikali imetumia fedha nyingi ziwani. Meli ya Victoria ilikarabatiwa na kurudi Agosti 2020 kwenye njia ya Mwanza na Bukoba. MV Mwanza, yenye urefu wa mita 92.6 na uwezo wa abiria 1,200, ilishushwa majini Februari 2023, nayo iliunganishwa pale pale Mwanza, kwa sababu ya kikwazo kile kile cha mwaka 1900. Meli ya watu 7,000 haitafika ziwani milele. Wengine huona huo ni upungufu. Mimi naona ndiyo silaha tuliyo nayo: hatuwezi kumezwa na kitu kisichoweza kuingia. Kinachoweza kuja hapa ni meli za vyumba themanini au mia, kama za Nile kati ya Luxor na Aswan, zinazosimama kila siku mji mwingine kwa kuwa melini hakuna cha kufanya siku nzima.

Na Mara ina vya kusimamia. Butiama, kaburi na makumbusho ya Mwalimu Nyerere, haiko mbali na Musoma. Lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti liko karibu kabisa na ziwa, upande wa Ghuba ya Speke. Leo mtalii anayetaka kuona nyumbu wakivuka Mto Mara hushuka kwa ndege ndogo Kogatende, akalala kambini, akapaa tena. Kewanja na Nyamongo anaziona kutoka hewani kama anaziona. Mtalii anayetoka Musoma kwa gari lazima apite barabarani, ale mahali, alale mahali. Hapo ndipo halmashauri zetu za Tarime na Serengeti zinapaswa kuwa na maneno yaliyoandikwa kabla meli haijatiwa rangi: ziara ziuzwe na nani, chakula cha melini kinunuliwe wapi, usiku mmoja angalau ulalwe nchi kavu. Vijiji vya mgodi vimejifunza kwamba masharti huzungumzwa kabla, maana kampuni ikishaanza kuchimba husikilizwi tena, unasikika tu ukilalamika.

Kikwazo cha kwanza si meli wala gati. Ni karatasi. Kenya, Uganda na Rwanda zina visa moja ya pamoja ya watalii tangu 2014, Tanzania haimo. Mgeni anayetaka kuzunguka ziwa kutoka Kisumu, kupita Musoma, Mwanza na Bukoba hadi Port Bell, anahitaji visa mbili na foleni za uhamiaji katika kila nchi anayoingia. Nchi hizi zimekwishakaa meza moja tena tangu Jumuiya ilipofufuliwa mwaka 2000, na mawaziri wake wa utalii hukutana kila mara.